Wimbo wa Kunyweshea

Mwalimu Abigael alikuja kijijini kwetu Hadado na begi moja, godoro lililokunjwa na kamba, na muziki wa ajabu ndani ya simu yake. Nilimpangisha chumba cha mbele cha boma langu. Marehemu mume wangu Kulow alikijenga kwa ajili ya wageni, na tangu Kulow afariki hakuna mgeni aliyekuwa amelala humo.

Kwao ni upande wa Nyeri, kwenye baridi na mashamba ya chai. Siku za kwanza alikuwa akikaa mlangoni akitazama vumbi likipita, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Asubuhi alifundisha watoto. Alasiri, siku tatu za wiki, alitufundisha watu wazima kusoma Kiswahili, nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Nilijifunza kushika kalamu nikiwa na mvi mbili mbele ya kichwa, na nilimwomba Mungu kila nilipofungua kitabu asiniache nione aibu.

Siku zisizo na darasa nilimkuta ameegemea ukuta, waya za simu masikioni, macho amefumba. Nilifikiri anasali. Nilipomwuliza alicheka, akasogea kwenye mkeka na kunipa waya mmoja.

"Sikiliza, dada Rahmo. Mimi mchana nikiona siwezi tena, huku ndiko ninakoenda."

Ilikuwa albamu nzima iliyosimulia hadithi moja. Vijana wa Nairobi ndio walioipiga, lakini kwa mtindo wa zamani, wa enzi za suruali pana chini na mashati ya maua: kinanda kinachotetemeka, gitaa linalonyooka na kupinda kama joto linapocheza juu ya barabara, sauti zinazorudi kinyumenyume kisha zinageuka na kuwa maneno. Kaka yake Dancan alimwekea kwenye simu kabla hajasafiri. Jina la albamu lilikuwa Mji Ulio Chini ya Kisima. Mtu mmoja anashuka kisimani kutafuta ndoo yake, anakuta mji wa kijani. Katika wimbo wa pili kuna soko ambalo samaki wanauza miavuli. Katika wa tatu kuna fundi anayeshona vivuli vya watu vilivyochanika. Wa tano ni wa chura mwenye redio, anayewasomea watu habari za kesho.

Mungu anisamehe kama nilikosea, lakini niliupenda mji ule. Nje kulikuwa na mizoga ya mbuzi kando ya barabara na mvua imekosa msimu baada ya msimu. Ndani ya waya ule kulikuwa na mvua. Nilikuwa nikimaliza sala ya alasiri na dhikri zangu zote, naenda kukaa kwenye mkeka wa mwalimu, naye ananieleza maneno nisiyoyajua. Neno zambarau nililijifunza pale, kwa sababu mbingu ya mji ule ilikuwa na rangi hiyo.

Mwalimu alikuwa na sharti lake: nyimbo zisikilizwe kwa mpangilio, bila kuruka, kwa kuwa ni hadithi. Kwa hiyo kila mara adhana ya magharibi ilitukuta kwenye wimbo wa tano au wa sita, naye anazima kwa heshima, mimi naenda kutawadha. Wiki nyingi zilipita sijafika wimbo wa mwisho, ambao ni wa nane.

Sasa nieleze habari ya Hareed, maana bila yeye hakuna ninalolisimulia.

Hareed ni ngamia wangu jike. Jina lake maana yake ni maji ya mvua yaliyotulia. Kulow alinipa kama mahari yangu mwenyewe, akiwa bado ndama asiyejua kusimama vizuri, akamlea kwa mkono wake. Kulow alipokufa, kaka zangu walitaka kuja kunirudisha kwao Takaba. Baba mkwe wangu, Nunow, aliwaambia kwamba mwanamke mwenye maziwa yake mwenyewe hahamishwi. Wakakubali kwa sharti hilo: Hareed akiwepo, ninakaa. Hareed akipotea, wanakuja na gari. Mwaka ule wa ukame alikuwa na mimba kubwa, akitembea na kundi la shemeji yangu Mustafe, mdogo wake Kulow. Kila siku nilimwombea ndama huyo kuliko nilivyojiombea mimi.

Na Kulow alikufa hivi. Alikuwa mtu wa visima. Alishuka kusafisha kisima cha zamani cha ukoo wao, nje ya Hadado, na mchanga ukamwangukia. Walichimba wakashindwa, mchanga uliendelea kuanguka. Wakamswalia pale juu, wakafunika mdomo wa kisima kwa mawe na miiba. Hodhi la udongo alilolifinyanga bado liko pembeni yake.

Jumamosi moja mwalimu hakuwa na kazi, akasema leo tuanze mapema tufike mwisho. Tukapita soko, fundi, chura. Wimbo wa saba ni wa mlango. Mtoto anahesabu milango ya mji kwa sauti ya chini na kinanda kinamfuata. Haukatiki. Unaingia moja kwa moja ndani ya wimbo wa nane, na pale kinanda kinanyamaza, mtu anaanza kuimba kwa Kisomali.

Ulikuwa wimbo wa kunyweshea ngamia. Kila mchunga ana wake. Anauimba akivuta ndoo, na ngamia wake wanaujua kama mtoto anavyojua sauti ya mama. Mtu yule aliimba, ndoo ikagonga jiwe, gitaa likaanza kuzunguka nyuma yake taratibu. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi kifupi cha vumbi, akaita jina la ngamia wa mwisho.

"Hareed, kaalay."

Hareed, njoo. Alikuwa Kulow.

Nilikumbuka wageni waliokuja kisimani miaka mingi kabla, na chombo cha kurekodi kilichovishwa manyoya kama paka. Kulow aliwaimbia, wakampa mkono wakaenda zao. Sauti yake ilizunguka huko duniani, ikaingia kwenye muziki wa vijana wasiomjua, ikarudi nyumbani kwake ndani ya begi la mpangaji.

Mwalimu aliutazama uso wangu akataka kuzima. Nilimshika mkono. Wimbo ulipoisha nilimweleza ni nani, naye akaweka viganja usoni akaomba kimoyomoyo kwa namna ya Wakristo. Kisha nikamwomba jambo ambalo sikupaswa kuliomba. Alikuwa na spika ndogo aliyoinunua Garissa alipokuwa akipita. Nilitaka sauti ile niisikie hewani, uani kwetu, mahali alipokuwa akikaa.

Kwetu wimbo wa kunyweshea hauimbwi mpaka maji yawe hodhini. Hata mtoto anayejifunza huimba maneno mengine. Kumwita ngamia kwenye maji ambayo hayapo ni kumwambia uongo kiumbe ambaye hana namna ya kukuuliza maswali. Mwalimu hakujua. Mimi nilijua, na niliona kwamba hii ni simu tu.

Aliiweka spika juu ya debe. Kulow akaimba uani. Kuku walisimama. Nikamwambia arudie, naye akarudia.

Mara ya pili, alipokohoa, niliona shingo juu ya uzio wa miiba. Kundi la Mustafe lilikuwa linapita kwenda kusubiri zamu kwenye kisima cha injini, wana kiu ya siku nyingi. Wengine wote waliendelea na njia. Hareed peke yake alikuwa amesimama, mimba imemjaa ubavuni, anaitazama spika.

Mustafe alikuja nyuma yake na fimbo begani. "Mwalimu, huyu mwanafunzi wako mpya ana shingo ndefu, atakaa nyuma ya darasa."

Tulicheka, mimi na mwalimu, kwa sababu tulikuwa na hofu. Wimbo uliisha. Hareed aliingia kwa pengo la lango, akazunguka nyumba, akanusa mlango wa chumba cha wageni. Nilimletea maji yote niliyokuwa nayo kwenye beseni. Aliyanusa, akainua kichwa, akatazama nyuma yangu kana kwamba mwenye kumpa alikuwa bado hajatokea. Hakugusa hata tone. Mustafe akaacha kucheka. Akamtoa kwa fimbo, polepole.

Asubuhi alfajiri imeshaswaliwa, Mustafe alikuja peke yake. Aliketi kwenye jiwe la langoni bila kusalimu vizuri.

"Dumashi," akaniambia, ndivyo anavyomwita mke wa kaka yake, "Hareed hayupo. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshatoka kwenye mstari."

Ngamia mwenye mimba ile, na kiu ile, katika nchi isiyo na tone. Nilijua ana muda gani. Kama angeanguka porini angemwangusha na ndama, na gari la kaka zangu lingekuja kabla mwezi haujaandama.

Tulifuata nyayo, Mustafe mbele, mimi na mwalimu nyuma na kibuyu cha maji. Mwalimu hakuombwa kuja. Alifunga viatu tu akaja. Nyayo za Hareed hazikutangatanga kama za mnyama anayetafuta majani. Zilikwenda zimenyooka, na nilijua zinakokwenda kabla hatujafika.

Mustafe ni mtu wa kusoma ardhi. Anaweza kukuambia ngamia alipita lini na alikuwa amechoka kiasi gani. Kwenye kisima cha Kulow alizunguka rundo la mawe na miiba mara nyingi, akapiga magoti, akagusa mchanga, akazunguka tena.

"Zinakuja," alisema mwishowe. "Haziondoki."

Miiba haikuwa imesogezwa. Utando wa buibui ulikuwa mzima kati ya tawi na tawi. Mwalimu alisema labda upepo umefuta nyayo za kuondoka. Mustafe alimtazama kwa upole akasema upepo ungefuta zote. Mimi niliinama, nikaweka sikio langu juu ya jiwe. Sikusikia mtu wala mnyama. Nilisikia kile kinachosikika ndani ya waya wakati wimbo haujaanza lakini simu imeshawashwa. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka midomo ikakauka.

Baba mkwe wangu Nunow alikuja nyumbani adhuhuri. Ni mzee mkavu, mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye hajawahi kupenda muziki wa kwenye simu na alikuwa ameniambia hivyo zaidi ya mara moja. Aliketi kwenye mkeka wa mwalimu akaomba asikie. Mwalimu alimwekea waya masikioni kwa mikono miwili, kama mtu anayemvisha baba yake kofia. Mzee alisikiliza. Uso wake haukubadilika, ila kidole chake kilikuwa kinahesabu ndoo juu ya goti.

Aliutoa waya mwenyewe.

"Mlimwita, akaja, mkamwonyesha beseni," alisema. "Sasa mtamwita tena. Safari hii maji yatatangulia."

Nilimwambia, Adeer, ndivyo ninavyomwita kwa heshima, maji ya kujaza hodhi tutayatoa wapi katika wakati huu? Aliinuka akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Sijui alisema nini, lakini alasiri mkokoteni wa punda ulikuwa umejaa mitungi, ya manjano na ya bluu, na baadhi yake ilitoka kwa watu waliokuwa na watoto wadogo. Tulitandika karatasi ya nailoni ndani ya hodhi la Kulow lililopasuka, tukamimina. Bismillah kwa kila mtungi. Maji yalikaa pale yakitazama mbingu, na nzige mmoja akaja kunywa.

Jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Mwalimu aliiweka spika juu ya ukingo wa hodhi, akasema kwa aibu kwamba wimbo ule ukiwashwa peke yake unakatika mwanzo. Umeungana na wa saba, itabidi tuanze na ule wa mtoto.

"Huyo mtoto anahesabu nini?" Nunow aliuliza.

"Milango, babu."

"Milango ya wapi?"

Mwalimu alinitazama. "Ya mji ulio chini ya kisima."

Mzee aligeuza kichwa akaangalia lile rundo la mawe na miiba kwa muda mrefu. "Nani aliwaambia vijana hao kwamba kuna mji?"

"Walibuni tu, babu. Ni hadithi."

"Washa," akasema.

Kwa hiyo tulisimama pale, mzee wa hina, mchunga na fimbo yake, mwalimu wa Nyeri na mimi, na kinanda kile kikatetemeka juu ya nchi iliyokauka. Mtoto akahesabu milango. Uani kwetu ule ulikuwa muziki wa kukimbilia, wa kusahau. Pale ulikuwa kama mtu anayefuata njia anayoijua vizuri. Sikupenda jinsi ulivyoelea kuelekea kwenye miiba na haukurudi na mwangwi wowote.

Kulow akaanza kuimba. Ndoo ikagonga jiwe. Gitaa likazunguka. Mustafe alifunika uso kwa kitambaa cha bega. Kisha kikaja kikohozi, kile kifupi cha vumbi, nami nikasubiri jina.

Jina halikuja.

Gitaa liliendelea, kinanda kikaingia, na mahali pa jina palikuwa na kimya cha urefu ule ule wa jina. Mwalimu aliinama juu ya simu. Ilikuwa inaendelea vizuri, namba zinasonga.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "leo hajamwita."

Hareed alitokea upande wa pili wa kisima. Upande ule ni mwamba na miiba mirefu, hauna njia, na sote tulikuwa tunautazama. Alikuja kwa hatua za ngamia aliyeshiba, bila haraka, mimba yake bado imejaa ubavuni. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka juu ya magoti. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kidevu chake, yakiacha alama nyeusi mchangani, na kwenye mdomo wake kulikuwa na uzi wa jani la kijani, jembamba kama unywele.

Alipita hodhini. Alitazama maji yale yote, yaliyotoka midomoni mwa watu, kama anavyotazama chakula mtu aliyetoka kula. Akaja kwangu akaweka kichwa juu ya bega langu. Nguo yangu ililowa. Maji yalikuwa baridi, kama yale ya kina kirefu.

Nunow alipitisha mkono ubavuni mwake, shingoni, chini ya taya. Alinusa kiganja chake.

"Huyu ameshanyweshwa," alisema.

"Na nani, aabo?" Mustafe alimwuliza baba yake.

Mzee aliutoa ule uzi wa kijani kwenye mdomo wa Hareed akaupenyeza katikati ya mawe, kule chini. Kisha akatuambia tutawadhe kwa maji ya hodhi, na yaliyobaki tuyamimine kisimani, kwani yameshaimbiwa wimbo na hayawezi kurudi nyumbani. Tulimimina. Mchanga mkavu hunywa kwa sauti, lakini hatukusikia sauti ya kunywa. Tulisikia, baada ya muda, kama maji yanavyoangukia maji.

Tuliswali magharibi pale pale. Mwalimu alisimama kando na simu yake iliyozimwa, ameinamisha kichwa, mpaka tulipotoa salamu. Tukiwa njiani kurudi aliniambia amemwombea Kulow. Nilimshukuru. Kwa jambo lile sikuona kwamba maombi ya mtu yeyote yangekuwa mengi mno.

Hareed alizaa kabla ya mvua. Ndama ni jike, na Mustafe amempa jina Kinanda, jambo ambalo mzee hulisikia na kujifanya hajasikia. Kaka zangu walipiga simu kutoka Takaba, nikawaambia nina maziwa. Mwalimu Abigael aliomba aendelee kukaa muhula mwingine, kisha mwingine.

Bado tunasikiliza. Nilifikiri nitaiogopa albamu ile, na kweli ninaiogopa, lakini siku zikiwa nzito mwalimu hutandika mkeka na kunipa waya wangu, na ninapita tena kwenye soko la samaki, chini ya mbingu ya zambarau, nikiwa na raha ambayo nje ya pale siipati. Jina la Hareed limerudi mahali pake. Tumesikiliza mara nyingi, halijakosekana tena.

Ila mtoto anapoanza kuhesabu milango, mimi huinuka. Najaza beseni mpaka ukingoni, nalitoa nje, naliweka karibu na mlango wa chumba cha wageni, ndipo ninarudi kusikia wimbo wa nane. Mwalimu haulizi. Wimbo ukiisha natoka kwenda kutawadha kwa maji yale yale. Mara nyingi yanatosha. Siku nyingine naliinua beseni naliona jepesi, na mchanga unaolizunguka ni mkavu.